Chupa Kumi na Mbili za Ekipi ya Pili

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za dispensari ya kiwanda, makoti mawili meupe na kipimajoto kimoja ambacho hakikuwamo katika orodha yoyote ya vifaa. Wauguzi vijana wanaobaki wameniomba niwaandikie jinsi kazi ya kulinda mafigo ya wafanyakazi ilivyoanza hapa kwetu. Faili wanayo. Imeandikwa ndani yake kwamba mpango ulipokelewa vizuri. Haukupokelewa vizuri. Ulipokelewa kwa uongo: wafanyakazi walinidanganya, mimi niliwashuku, na sote tuliishuku ofisi kubwa. Katikati ya uongo huo alikuwepo mtu mmoja ambaye mafigo yake yalikuwa yakiharibika bila yeye kujua, na bila mimi kujua jina lake. Nitaeleza kwa mpangilio.

Niliingia dispensari nikiwa msichana wa mtaa wa Katuba, binti wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Kabalo. Muuguzi mkuu wakati huo alikuwa Papa Ildefonse, mzee mwembamba aliyevaa tai hata siku za joto kali. Siku ya kwanza hakunionyesha dawa hata moja. Alinipa vibomba vya kioo, taa ndogo ya spiriti na chupa ya siki, akaniambia nikae. Nilichemsha mikojo ya watu siku nzima. Unashika kibomba kwa chini, unapasha moto sehemu ya juu tu. Mkojo ukifanya ukungu kama maji ya mchele, unatia matone machache ya siki. Ukungu ukipotea, si kitu. Ukibaki, figo linavuja protini, na huyo mtu asiachwe aende zake.

"Binti, muntu anaweza kukudanganya na kinywa," aliniambia. "Hii haina kinywa."

Nilimwamini kwa miaka mingi. Siku hizi mnatumia vijiti vya karatasi vinavyobadili rangi, na ni vizuri, lakini jifunzeni na taa. Vijiti vinaharibika kwa unyevu na havisemi kwamba vimeharibika.

Mgonjwa wa kwanza wa figo niliyempoteza alikuwa fundi wa winchi. Alikuja na kamba za viatu zimefunguliwa kwa sababu miguu haikuingia tena. Wiki moja kabla ya hapo alikuwa akipanda ngazi na mnyororo begani. Tulimpeleka mjini kwenye mashine ya kusafisha damu, akawa anaenda mara tatu kwa wiki, na mvua za kwanza hazikumkuta. Nilipolifungua daftari langu kutafuta nilichokosea, nilikuta ziara nne za malaria na moja ya jino. Hakuwahi kulalamika mafigo. Hakuna anayelalamika mafigo. Ukingoja yaume, umechelewa.

Baada yake nilianza kuwaangalia watu wa tanuru kwa jicho jingine. Mnawajua. Wanasimama mbele ya shaba iliyoyeyuka, jasho linakauka kabla halijadondoka, na hawanywi maji kwa sababu choo kiko mbali na kapita, msimamizi wao, anahesabu dakika. Jioni wanakula bukari, ugali wetu, kwa makayabu, samaki wakavu wenye chumvi ya kutosha kuhifadhi maiti. Mgongo ukiuma, wanameza vidonge vinavyouzwa kwenye mlango wa kiwanda, bila boksi, kama pipi. Tansiyo, shinikizo la damu, hawapimi, wanasema ni ugonjwa wa wanawake wanene. Niliyaandika yote hayo katika ripoti kila mwaka, na kila mwaka nilijibiwa kwa muhuri mzuri sana.

Kwa hiyo Daktari Solange alipofika kutoka ofisi kubwa, akiwa na folda ya kijani na mpango wa afya kazini, sikufurahi. Alikuwa mdogo kuliko binti yangu wa pili. Alisema kampuni inataka kuzuia ugonjwa wa figo kabla haujaanza: mapipa ya maji safi karibu na tanuru, mapumziko kivulini, tansiyo kila baada ya miezi mitatu, mkojo mara mbili kwa mwaka, na vidonge vya mlangoni vipigwe marufuku. Nilimuuliza nani aliyeomba haya. Hakujua. Nilimuuliza matokeo yatakaa wapi. Alisema kwake, ndani ya kabati lenye ufunguo. Nilimuuliza nani mwingine ana ufunguo wa kabati hilo. Alitoka, na kesho yake akarudi na kufuli jipya alilonunua mwenyewe. Hapo nilianza kumpenda kidogo.

Mapipa yalikaa wiki mbili bila kupungua. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa ndani yake kumetiwa dawa ya kuwalegeza wanaume wasiombe mambo mengi. Nilienda na kikombe changu nikanywa mbele yao. Mmoja alisema Mama Ngoie, yaani mimi, si mwanaume, kunywa kwake hakuthibitishi kitu. Ilikuwa hoja nzuri, nikaiandika. Mwishoni tuliwaruhusu waje na vidumu vyao na kujaza kwenye bomba wanaloliona likitoka ukutani, na maji yakaanza kunyweka.

Kuhusu mkojo, habari iliyokuwa ikizunguka ilikuwa mbaya zaidi. Ilisemekana kijiti kinaonyesha pombe, hata lutuku kali ya mtaani ya Jumamosi iliyopita, na kwamba mikataba ya watu wa tanuru itaandikwa upya baada ya miezi miwili, kwa hiyo ofisi inatafuta wa kuondoa. Niliwaeleza kwamba kijiti hakioni pombe. Walinisikiliza kwa adabu, jinsi watu wanavyomsikiliza mtu anayelipwa ili aseme anayosema.

Ekipi ya kwanza, kundi la kwanza la watu wa tanuru, ilileta chupa zake, na zilikuwa za kila aina: nyeusi kama chai, nyeupe kama maji, moja ina mchanga. Ekipi ya pili, watu kumi na wawili wanaofungua tanuru na kumwaga shaba, ilileta zake katika kreti moja, mikononi mwa kapita wao Kalenga. Alizipanga mezani kwa mstari, majina yakitazama mbele, na akaenda haraka.

Nilishika ya kwanza, kisha ya pili. Mkojo uliotoka sasa hivi una joto la mtu, na watu kumi na wawili hawawezi kukojoa wote katika dakika ileile. Zote zilikuwa na uvuguvugu uleule. Rangi ileile pia, na povu lilelile dogo juu lisilotaka kuondoka. Nikachovya kijiti. Protini, alama tatu, na damu kidogo sana ambayo jicho halioni. Nikachovya kingine. Alama tatu na damu kidogo. Nilipofika chupa ya tano nilifikiri vijiti vimeharibika, nikafungua kopo jipya, nikaenda chooni nikapima wangu mwenyewe. Wangu ulikuwa safi. Nikawasha taa ya Papa Ildefonse. Ukungu ulifunga kibomba, nikatia siki, haukutoka.

Niliketi nikacheka peke yangu. Watu kumi na wawili, figo moja. Papa Ildefonse hakuwahi kukutana na ekipi ya pili.

Kisha niliacha kucheka, kwa sababu kicheko hakikubadilisha kilichokuwa ndani ya kibomba. Mkojo ule ulikuwa wa mtu. Alikuwa anatembea mahali fulani kiwandani, au hata nje ya kiwanda, na mafigo yake yalikuwa yanavuja vibaya, na alikuwa ametoa mkojo wake kwa wenzake akiwa ameridhika kabisa. Kila wiki ambayo sikulijua jina lake ilikuwa wiki moja anasogea kuelekea ile mashine ya mjini.

Sikuweza kuwaita na kuwauliza, kwani wangekataa, na mara ya pili wangebadilisha mtu wa kuwakojolea, na mimi ningepoteza njia. Sikuweza kupeleka habari juu: kwa udanganyifu wangefukuzwa wote kumi na wawili. Nilianza na kitu kisichoweza kuazimwa, mkono. Niliwaita kupima tansiyo, mmoja mmoja. Watano walikuwa nayo juu, wawili kati yao juu sana. Watano ni wachache kuliko kumi na wawili, lakini si jina, na aliyekojoa angeweza kuwa hata shemeji wa mtu huko Kasungami.

Alhamisi ya wiki ile mkuu wa wafanyakazi aliniita ofisini kwake. Aliuliza habari za nyumbani, akauliza habari za miguu yangu, kisha akaomba orodha ya wenye mkojo mbaya. Nilimuuliza ya nini. Alisema ya kupanga kazi vizuri. Mezani kwake palikuwa na rundo la mikataba ya watu wa tanuru, haijasainiwa. Nilimwambia vipimo havijakamilika, nikatoka nikiwa nimejifunza kwamba wafanyakazi walikuwa wamekosea juu ya kijiti na hawakukosea juu ya ofisi.

Siku iliyofuata niliona siwezi tena kungoja, nikamwita Kalenga kwa neno moja: chupa zenu zinafanana. Alikuja akiwa na maneno tayari, akayasema mlangoni ili watu waliokaa kwenye benchi wasikie.

"Mama Ngoie, nasikia mikojo yetu inafanana. Sisi bote tunakunywa mayi moja, tunakula bukari moja. Itaachana namna gani?"

"Na bibi yako mwenye mimba anakula ile ile bukari," nilimwambia. "Uko na mimba?"

Benchi lote lilicheka. Kalenga hakucheka, lakini aliingia, na nilifunga mlango. Nilimwambia kwamba mkuu wa wafanyakazi anataka orodha na kwamba sijampa. Hakuniamini. Nikamwonyesha daftari, kurasa za ekipi yake zikiwa na namba bila jina hata moja. Alisoma polepole, kidole juu ya karatasi, akitafuta mtego. Ningefanya vilevile.

"Kalenga, siulize nani alileta chupa," nilisema. "Niko nauliza nani alikojoa."

"Ju ya nini?"

"Ju ya mafigo yake inaoza, na hajue."

Alitikisa kichwa. "Haiwezekane. Ule muntu hanywake pombe. Ata bière ya ndoa ya dada yake hakuikunywa. Njo maana tulimuchagua."

Ndipo nilipoelewa walichokuwa wamefanya. Waliamini kijiti kinatafuta pombe, wakatafuta miongoni mwao mwanaume ambaye hajawahi kuonja, wakaona mkojo wake ndio safi kuliko yote. Kati ya watu wote wa tanuru, walichagua kwa uangalifu mkubwa yule aliye mgonjwa zaidi.

Kalenga alikataa kutaja jina. Alisema atasema naye mwenyewe. Nilimpa siku tatu na sikumwamini hata moja kati ya hizo. Nilisimama kila asubuhi karibu na mlango wa wafanyakazi nikitazama nyuso na vifundo vya miguu, mpaka mlinzi akaniuliza kama kuna mtu ninayemdai.

Siku ya tatu saa nne aliingia Donatien. Nilimjua kama kila mtu anavyomjua: mfungua tanuru, katekista wa parokia, mtu anayevua kofia anapoingia hata katika chumba cha sindano. Tansiyo yake ilikuwa mojawapo ya zile mbili za juu sana, na alikuwa ameniambia ni kwa sababu alipanda ngazi.

"Mama, Kalenga anasema niko mugonjwa," alisema. "Mi niko muzima. Paka tu mugongo njo unauma."

"Kwa mugongo unamezaka nini?"

Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, ndani yake vidonge vya mlangoni. "Mbili asubui, mbili magaribi."

"Tangu lini?"

Alifikiri. "Tangu balizala mutoto wangu wa tatu."

"Na ule mutoto eko wapi?"

"Eko ku Kasapa. Anasoma univ."

Nilihesabu miaka ya mtoto aliyefika chuo kikuu, na sikupenda nilichopata. Nilimpa chupa, na safari hii nilikaa nje ya mlango. Alama tatu na damu kidogo. Damu yake tuliipeleka maabara mjini, na Daktari Solange alimwita akamweleza bila kumzungusha: mafigo yake yalikuwa yanafanya kama nusu ya kazi. Ile nusu iliyokufa hairudi. Nyingine inaweza kubaki kwa miaka mingi, kama ataacha vidonge leo, atameza dawa ya tansiyo kila siku, atapunguza chumvi, na hatasimama tena mbele ya moto akikauka.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Kumtoa mbele ya moto kulitaka karatasi ya daktari yenye jina lake, na karatasi hiyo ilipita kwa mkuu wa wafanyakazi. Jina moja, peke yake, mwezi mmoja kabla ya mikataba. Donatien aliielewa hesabu hiyo kabla yetu. Alivaa kofia yake, akasema ataacha vidonge na atakunywa maji, lakini atarudi kwenye moto, kwa sababu ana watoto watano, na mtu asiye na kazi hanunui dawa ya tansiyo.

Nilimweleza Kalenga, kwa ruhusa ya Donatien. Sikutegemea msaada, nilitaka tu amweke pembeni inapowezekana. Jumatatu saa moja asubuhi nilikuta ekipi nzima imesimama mbele ya dispensari, kofia vichwani. Nilifikiri wamekuja kunitisha.

"Orodha ile ya mukubwa," alisema Kalenga. "Utamupa lini?"

Nilimwambia sijui kama nitampa.

"Umupe. Lakini uandike vile biko mu chupa. Chupa yangu inasema nini?"

"Protini, alama tatu."

"Na ya huyu?"

"Alama tatu."

"Basi tuko bagonjwa bote kumi na mbili. Sisi njo tulileta, si weye uliyabadilisha."

Mmoja nyuma yake aliuliza kama alama tatu ni nyingi au kidogo, kwa vile angependa kuwa mgonjwa wa kiasi. Mwenzake alimpiga kofi kisogoni.

Wauguzi wenzangu, mimi sijawahi kubadilisha tokeo katika maisha yangu, na sikubadilisha siku ile. Nilimpelekea Daktari Solange daftari, nikamweleza kila kitu. Alisoma kurasa zile mpaka mwisho. Aliniuliza kama chupa zenye majina yao ndizo zilizotoa matokeo yale. Nilisema ndizo. Alisema basi atasaini matokeo ya chupa, na kwamba ndani ya wiki moja anataka kila mmoja wa kumi na mmoja waliobaki akojoe kweli, mimi nikiwa nje ya mlango, na hayo yatakaa kwenye kabati lake. Ndivyo ilivyokuwa. Wawili kati yao tuliwakuta na protini ya mwanzo kabisa, na hao wawili ndio ninaowafikiria zaidi kuliko wote, kwa sababu hao tuliwawahi.

Karatasi niliipeleka mwenyewe. Ilisema ekipi yote ya pili isisimame mbele ya moto zaidi ya saa moja bila kupokezana, kunywa na kukaa kivulini. Mkuu wa wafanyakazi alisoma majina, akafika mwisho, akarudi mwanzo.

"Ekipi nzima?"

"Nzima."

"Kumi na mbili? Haiko normal, Mama."

"Hata mimi niliona haiko normal. Nilipima mara mbili."

Alitazama dirishani, kuelekea moshi wa tanuru. Watu wa kufungua tanuru hawapatikani sokoni, kumfundisha mmoja kunachukua miaka. Niliweza kuona akitafuta kichwani watu wa kuwaweka pale Jumanne asubuhi, na asiwapate.

"Na nani anajua mambo haya?"

"Wewe, daktari, na mimi."

Aliiweka karatasi katika mtoto wa meza akaifungia humo. Mikataba kumi na miwili ilisainiwa kwa wakati wake. Tanuru likaanza kupokezana saa kwa saa, kwanza ekipi ya pili, kisha zote, kwa sababu wengine walilalamika kwamba wagonjwa wanapumzika kuliko wazima. Katika kupokezana huko Kalenga alijua namna ya kuhesabu hivi kwamba zamu ya Donatien ilianguka daima upande wa baridi, kwenye kupanga mabamba ya shaba. Hakuna karatasi inayosema hivyo. Mkipata kapita mpya, mumwambie kwa mdomo.

Mtakuta nakala ya orodha ile katika faili ya kijani na mtadhani vijiti vilikuwa vibovu. Havikuwa vibovu. Na ofisi mpya itakapowaomba orodha nyingine, wataiomba kwa maneno mazuri kuliko yale. Ulizeni ya nini, na mkijibiwa, ulizeni tena.

Donatien anakuja Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Wiki yangu ya mwisho nilimpima mwenyewe. Kijiti kilionyesha alama moja, na matokeo ya damu yake kutoka maabara hayajasogea kwa miaka miwili. Hajaiona ile mashine ya mjini. Alipokuwa akifunga kifungo cha mkono wa shati nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: yeye ni katekista, hasemi uongo hata kwa mke wake, alikubalije kuwajazia wenzake chupa kumi na mbili?

Hakuona haya. Alifikiri kama anavyofikiri kila kitu, polepole.

"Mama, mu ekipi bananiombaka bintu mingi," alisema. "Zamu, viatu, kusimamia batoto babo ku batizimu. Mara mingi sina. Ile siku baliomba mukojo. Nikaona, ile iko ya kutosha bote."